Kamera Iliyokuwa Inajizima Kwa Kona Yetu

Yaya, kwetu ndiyo hapana, haikulipuka. Wala haikuyeyuka, usinikunjie uso hivyo. Kamera ikishika moto inajizima tu yenyewe, kama mzee ameshiba akiwa kwa kiti. Kwanza inaandika kitu kwa kioo yake, mjukuu wangu ndiye alikuwa ananisomea, ati nimepata joto, nipumzishe. Halafu giza. Ukiishika saa hiyo ni kama yai limetoka kwa sufuria sasa hivi.

Mimi sijaenda shule, hiyo kila mtu anajua. Lakini hiyo kamera nimeishika na hii mikono, nimeipepea na kofia ya kanisa, nimeiongelesha. Ilikuwa kitu kidogo, kama kipande cha sabuni ya kufua ikibaki nusu. Mjukuu wangu alikuwa anaifunga ndani ya gari akienda mbio, inashika barabara, inashika mikono yake kwa usukani, inashika na mlio wa injini. Mimi nikamuuliza, kwani barabara huijui, mpaka uende kuiangalia tena nyumbani? Akacheka. Yeye akicheka anaongea kama watoto wa mjini, maneno inaruka ruka: "Magokoro, nyanya yangu, wacha nikuchanue. Hii si ya kuangalia. Hii ndio tiketi yangu ya kutoka hapa, manze."

Huyo ni mtoto wa binti yangu. Binti yangu alifariki mtoto akiwa anaanza kusimama kwa kushika kiti. Mimi ndiye nimemlea. Alipomaliza shule akaenda Mosocho kwa fundi mmoja wa magari, akajifunza kazi, akarudi na mafuta mpaka kwa kope. Huyo fundi ndiye alimfundisha kuendesha. Ni mtu mzuri, lakini ana tabia ya kuongea spana ikiwa kwa meno. Ukimsalimia, "Mmh, omong'ina, mmh, umeamkaje, mmh." Nikimuiga hivyo kwa soko la Birongo wanawake wanaweka ndizi chini wacheke.

Sasa sikiliza, hii ndiyo kitu yenyewe. Kulikuwa na watu wa timu ya mbio, watu wa Nairobi, walikuwa wanatafuta dereva mpya. Kiti moja tu. Mjukuu wangu akapiga simu, akaongea na mkubwa wao. Huyo mwanaume sauti yake inapitia pua, polepole, kama mtu anachagua mawe kwa mchele. Simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa, mimi nilikuwa natoa majani ya mboga ya chinsaga kwa miti yake, nikamsikia vizuri. "Dada, sisi hatutaki maneno. Tutumie video. Barabara moja ya vumbi, uionyeshe mwanzo mpaka mwisho, isikatwe. Tuone mikono. Tuone barabara. Tusikie gia. Ikikatika tunajua kuna kitu umeficha." Akasema wanangoja mpaka mwisho wa mwezi, halafu wanafunga.

Na mwezi ulikuwa umeshaanza kuzeeka.

Barabara, mjukuu wangu na fundi wakachagua hii yetu. Inaanzia kwa kituo cha kununua majani chai, inashuka, inavuka daraja, halafu inapanda, inapanda, mpaka inafika mwisho wa shamba langu. Hapo kuna kona. Baada ya kona ni tambarare mpaka kanisani, na kanisani ndio mwisho. Siku ya Jumapili kituo kimefungwa, hakuna lori, watu wa kanisa letu wameshasali Sabato jana yake, barabara ni ya mbuzi tu. Wakaomba ruhusa kwa chifu, wakaweka vijana na vitambaa vyekundu juu na chini.

Hiyo kona nikuambie. Binti yangu hakuwa ameolewa. Kwetu sisi, mwanamke wa boma anazikwa karibu na nyumba, upande wake wa kushoto. Lakini binti ambaye hajatoka kwenda kwa watu, huyo hamumuweki hapo. Mnampeleka pembeni ya shamba, kwa mpaka. Ndiyo desturi, mimi sigombani nayo. Tukamuweka chini kabisa kwa migomba. Baadaye barabara ikapanuliwa, tinga ikala mpaka wetu, na sasa yeye ndiye yuko karibu na barabara kuliko sisi wote. Ukipinda hiyo kona, ukinyoosha mkono kwa dirisha, unaweza kugusa mgomba ulioota juu ya miguu yake.

Jumapili ya kwanza kamera ikazima hapo.

Mjukuu wangu akafika kanisani akirusha helmeti chini. Tukarudi nyumbani, tukaingia jikoni, mvua ya mchana ilikuwa imeanza kupiga mabati, akanionyesha kwa simu. Kituo. Daraja. Mlima. Mikono yake midogo kwa usukani, vumbi, injini inalia. Halafu kona inakuja, unaona ukingo wa udongo mwekundu, unaona migomba, na ikafa. "Imeshika moto," akasema. "Hakuna noma. Tutarudia."

Wakarudia. Ikazima hapo. Wakarudia tena wakati jua lilikuwa limeingia kwa mawingu. Hapo hapo.

Mimi nikamwambia, kamera inaonaje joto Kisii? Huku kwetu mtu analala na blanketi mbili. Akanielezea, na kwa kweli alinielezea vizuri. Alisema joto haitoki nje peke yake. Kamera yenyewe inafanya kazi ngumu, inashika picha nyingi sana na kubwa sana kwa nguvu, na yenyewe ni ndogo, haina pahali pa kutolea jasho. Na juu yake alikuwa ameivalisha kava ya plastiki isiingie vumbi.

Sasa mimi na akili yangu nikasema kitu cha joto kinatafutiwa kitu cha baridi. Nikaenda asubuhi, umande bado uko, nikakata jani la mgomba laini, nikaifunga kamera vizuri, nikaacha jicho yake tu inachungulia. Nikafunga na kamba ya mgomba. Ilikuwa imependeza kama mtoto anaenda kubatizwa. Hata kituoni haikufika! Ilijizima kabla gari haijatoka kwa boma. Fundi akaitoa kwa jani, ikatoka na mvuke. "Mmh, omong'ina, mmh, umeipika." Nikasahau kwamba jani la mgomba ndilo tunafungia chakula kisipoe. Nimefungia watu chakula kwa hilo jani miaka yote, na siku moja ya maana nikasahau. Mjukuu wangu alicheka mpaka akakaa kwa matope.

Lakini hapo ndipo nilielewa. Majani chai ukiyashindilia kwa gunia, uyaache juani ukingoja lori, yanashika moto yenyewe. Ukiingiza mkono katikati unatoa haraka. Yanakuwa mekundu, karani anayakataa. Hakuna mtu ameyawashia moto, ni yenyewe kwa yenyewe, kwa sababu yamebanwa. Mtu wa majani anajua: usishindilie, weka kivulini, yageuze, yapate upepo. Nikamwambia mjukuu wangu hivyo, akasema, "Ehe, magokoro, sasa tuko pamoja."

Na hiyo kazi waliifanya, yeye na fundi wake, mimi ni wa kushikilia tu. Wakatoa kava ya plastiki. Wakazima ile waifai yake, kumbe hiyo pia inaitesa. Wakapunguza ukubwa wa picha, akasema macho ya mtu hata haijui tofauti. Wakaacha kuiwasha mapema, kwa sababu walikuwa wanaiwasha gari ikiwa imesimama kwa jua, bila upepo, mpaka kijana wa kitambaa atoe ishara. Mimi nikapewa kazi ya kuikalisha kwa sahani yangu ya jiwe la Kisii, ile nyeupe, ikae kivulini mpaka gari liko tayari. Hiyo jiwe iko baridi kama pua ya mbwa. Fundi akakata mfuniko wa sufuria ya zamani, akaukunja kunja kama mbavu, akaubana nyuma ya kamera utoe joto.

Wakaenda. Daraja. Mlima. Kona. Ikazima.

Hapo sasa fundi akatoa spana kwa meno. Sijawahi kumuona bila spana, nikadhani ni mtu mwingine.

Mzee wa kanisa akapita hapo jioni ya mvua, ana mwavuli ambao mbavu zake zimevunjika, akasikia maneno. Yeye akiongea anavuta kila neno kama anasoma matangazo. "Maaama. Hiyo mashiiine haina dhambi. Lakini je, mmeomba ruhusa ya mahaaali pale?" Nikamwambia mzee, tumeomba kwa chifu. Akaniangalia tu, akaendelea na mwavuli wake.

Nilimcheka akiondoka, nikatembea kama yeye mpaka mlangoni. Lakini usiku, ah, wacha usiku. Kesho yake mchana niliketi peke yangu na ile simu, mjukuu wangu alikuwa ameniwekea zile video zote, unagusa hii, unagusa hii. Nikaangalia moja. Nikaangalia ingine. Picha sikuijali. Nilifunga macho nikasikiliza.

Na hii nataka uelewe. Mimi kazi yangu ni kuiga watu. Tangu nikiwa msichana. Mtu anadhani unaiga maneno, lakini maneno ni ya mwisho. Kwanza unaiga pumzi. Kila mtu kabla hajaongea anavuta pumzi yake, na kila pumzi ni tofauti. Mzee wa kanisa anavuta kwa pua mara mbili. Fundi anavuta kwa pembe ya mdomo, kwa sababu ya spana. Mimi nikisikia pumzi tu nakuambia ni nani anataka kuongea.

Injini inalia, mawe inagonga chini ya gari, kona inakaribia, na hapo, kabla tu ya giza, kuna pumzi. Mtu amevuta pumzi anataka kusema kitu.

Nikagusa ingine. Iko. Ile ya jani la mgomba haikufika kona, hiyo haina. Lakini zote zilizofika kona, iko. Mtu anavuta pumzi, kamera inakufa.

Sikumwambia mtu. Nilienda nikapika uji, nikamwagia kuku.

Jioni mjukuu wangu akarudi anaruka. "Magokoro! Tumepata! Ni hita!" Akanielezea akivua viatu. Ile gari ni ya zamani, redieta yake inachemka kwa mlima. Sasa fundi alikuwa amemfundisha, ukianza kupanda fungua hita ya ndani, moto wa injini utoke huku ndani, injini ipate kupumua. Na huo moto unatokea wapi? Kwa mashimo ya chini ya kioo cha mbele. Na kamera imekaa wapi? Juu ya hayo mashimo kabisa! Kwa hivyo kila siku akianza mlima anawasha jiko chini ya kamera, na ikifika kona imeiva. "Si mzimu, ni sisi wajinga," akasema. Fundi alikuwa amesimama nyuma yake, anajikuna. "Mmh. Ni mimi, mmh."

Nilifurahi. Kwa kweli nilifurahi, nikawaambia kaeni mle. Sababu ikipatikana kifua kinafunguka. Lakini nilikuwa najiuliza kwa roho, jiko ni sawa, moto ni sawa. Na pumzi?

Wakahamisha kamera. Wakaifunga nyuma, kwa zile vyuma fundi alichomelea ndani ya gari, juu ya bega la dereva, karibu na dirisha ambalo halina kioo. Hapo kuna kivuli na upepo unapita kama mtoni. Inaona mikono, inaona barabara kupitia kioo. Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho, mwezi ulikuwa umeisha. Ikikatika, basi. Mjukuu wangu hakula asubuhi. Alikuwa anafunga na kufungua ile kamba ya helmeti. Nikamuiga yule mkubwa wa timu na pua yake, "Daaada, tutumie video," acheke. Hakucheka. Akaniambia, "Magokoro, nikikosa hii nitazeekea hapa kwa kona."

Nikaenda kungoja kanisani na chupa ya chai. Kulikuwa na jua kali, lile la kabla ya mvua ya mawe, na ile saa ambayo hata kuku hawaongei. Nilisikia gari linatoka kituoni. Nikalisikia darajani. Nikalisikia linapanda, linalia kama linachinjwa. Halafu kwa kona likanyamaza. Si kuzima. Lilinyamaza kama mtu ameambiwa ssh. Migomba yote ilikuwa imesimama kama imechorwa. Halafu nikaliona linatokea upande huu, limelala kwa upande, vumbi limeinuka, na linapita vizuri, vizuri sana, hajawahi kupita hiyo kona namna hiyo. Nimewaona wakipita mara nyingi, huwa nyuma ya gari inatafuta mtaro. Siku hiyo lilipita kama uzi kwa sindano.

Akatoka akaishika kamera. Baridi. Ilikuwa baridi kama sahani yangu. Taa yake nyekundu bado inawaka.

Tukakimbia mpaka jikoni kwangu, mvua ya mawe inatupiga kichwa, mimi na yeye na fundi. Akaweka simu juu ya meza, tukainama. Kituo. Daraja. Mlima, injini. Kona. Ile pumzi. Na kamera haikuzima.

"Kuja," sauti ikasema. "Kuja, kuja. Bado. Kata kulia. Kata yote. Sasa acha. Kuja."

Sauti ya mwanamke. Si ya kupiga kelele. Ya mtu yuko karibu na sikio, mtu anajua kazi yake. Na iliendelea mpaka tambarare, mpaka kanisani. "Kuna jiwe. Hapo hapo. Kuja."

Binti yangu, kabla kifua hakijamlaza, alikuwa wa lori la majani chai. Yeye ndiye alikuwa anashuka kuelekeza dereva akirudi nyuma kituoni, pahali hapana nafasi hata ya mbuzi kugeuka. Anapiga bodi ya lori na kiganja, "Kuja, kuja, kata yote, acha." Lori zima linamtii. Madereva walikuwa wanasema huyu hata ukifunga macho anakufikisha.

Fundi akainua kichwa, akaniangalia mimi. Si kwa ubaya. "Omong'ina," akasema, na hakuna spana, hakuna mmh, "hiyo umeiweka wewe saa ngapi?"

Sikumlaumu. Ni mimi nilikuwa naiga hiyo sauti. Mtoto alipokuwa mdogo akilia mama yake, nilikuwa namkalisha kwa beseni, namsukuma jikoni nikisema, "Kuja, kuja, kata yote," apate kujua mama yake alikuwa anaongeaje. Mtaa wote unajua naiweza. Lakini nilikuwa kanisani na chupa ya chai, watu waliniona. Na kamera haijashikwa na mtu mwingine kutoka kwa gari mpaka kwa meza.

Mjukuu wangu akavuta simu kwake. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Nikamuuliza, ulimsikia ukiwa ndani? Akasema, "Nilikuwa na helmeti. Sikusikia kitu. Injini tu." Akarudisha tena. Na safari hii ndiyo niliona ile kitu ambayo nilitamani nisione. Nilikuwa naangalia mikono. Sauti ikisema kata, mkono ulikuwa bado umenyooka. Halafu ndio unakata. Sauti inasema acha, halafu vidole vinaacha. Si pamoja. Sauti kwanza. Mikono nyuma, kama ng'ombe wa kulima.

Nikamwambia, mama, usitume hiyo. Futa sauti. Akasema, "Wametaka wasikie gia, magokoro. Nikifuta sauti watasema nimeficha." Fundi akasema watasikia upepo tu, watu wa Nairobi wanajua nini. Mjukuu wangu akafuta macho na nyuma ya mkono, mkono una mafuta, akajipaka mstari mweusi. Akasema, "Hajawahi kuniongelesha. Mnataka nimfute?"

Akatuma.

Zile siku za kungoja niliishi na mdomo umefungwa. Watu sokoni wananiambia, leo muige nani, muige fundi, nikasema koo inaniuma. Sio uongo. Siku moja nilikuwa peke yangu kwa majani chai, kikapu mgongoni, nikajaribu. Nilivuta ile pumzi yake, kidogo, ya haraka, kama mtu anataka kupuliza moto. Nikafungua mdomo niseme kuja. Ikatoka sauti yangu. Ya mwanamke mzee. Nikajaribu tena. Nilimjaribu mzee wa kanisa, akatoka na mwavuli wake. Fundi akatoka. Hata yule wa pua akatoka. Binti yangu hakutoka. Miaka yote alikuwa amekaa hapa kwa koo, na sasa hapakuwa na mtu. Nikaangalia chini kule kwa kona, migomba inatikisika yote, na upande huu wangu hakuna upepo hata wa kuinua jani.

Mjukuu wangu yeye alikuwa tayari ameondoka, kwa roho. Amefua nguo, ameziweka kwa begi. Alikuwa anaenda kwa kona kila asubuhi, anasimama hapo, anarudi na umande mpaka magotini. Hakuniambia anafanya nini na mimi sikuuliza. Nikiwa jikoni nilimsikia siku moja akigeuza ng'ombe kwa zizi, anamwambia, "Kuja, kuja," na mwili wangu wote ukasimama, kwa sababu hakuwa ananiiga mimi.

Halafu simu ikalia. Mchana, jua liko juu, fundi alikuwa amekuja kula. Mjukuu wangu akaiweka sauti kubwa juu ya meza, akakaa juu ya mikono yake.

"Dada," akasema yule wa pua. "Video tumeona. Haijakatika. Safi kabisa, sijui mlifanya nini, wengi wanaletea sisi vipande vipande."

"Asante," mjukuu wangu akasema. "Ilikuwa inashika moto, tukai..."

"Sikiliza. Mpaka kwa ile kona ya migomba, nilikuwa nasema hapana. Unachelewa, unaogopa mtaro. Baada ya kona, tumeangalia sote hapa, tumerudia. Huyo mama aliyekaa nyuma yako ni nani?"

Fundi akaacha kutafuna.

"Nilikuwa peke yangu," mjukuu wangu akasema.

Huko kwake tulisikia kiti, tulisikia mtu mwingine akisema kitu chini chini, halafu tukasikia ile pumzi yake, ya kwa pua, ndefu, na mimi nikajua kabla hajafungua mdomo kwamba imeisha.

"Dada," akasema, "wewe si dereva. Dereva ni huyo mama, wewe unamshikia tu usukani."